Mji wa shaba: kutembeza watoto Likasi na pande zake

Watu wengi wanapita Likasi, lakini wanaosimama ni wachache. Wanatoka Lubumbashi asubuhi kwenda Kolwezi. Wakifika kwetu wananunua mkate na maji, wanatazama mabomba ya moshi ya Shituru kwa dirisha la motokari, kisha wanaendelea na safari. Hata sisi wenyeji hatuna desturi ya kuutazama mji wetu. Siku moja ya likizo mtoto wangu aliniuliza kwa nini watoto wa Lubumbashi wana bustani ya wanyama na Museo, na sisi hatuna kitu. «Kwetu kuna mavumbi tu», alisema. Nilitaka kumkaripia, kisha nikaona kwamba kosa si lake. Nani alimwonyesha kitu kingine? Basi tuliazima motokari ya ndugu mmoja, tukafunga chakula katika kikapu, tukaanza kutembea, baba, mama na watoto. Habari ninazoandika hapa ni za matembezi hayo, pamoja na yale niliyowaeleza watoto njiani.

Tuanze kwa njia kubwa ya Lubumbashi, yenye kilometri 120 hivi. Kabla ya kufika mjini mtavuka mto Lufira. Waambieni watoto watazame daraja vizuri, kwa maana mwaka 1961 watu walipigana hapo. Siku zile Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo, na mji wetu uliitwa Jadotville. Askari wa Ireland 150 na kidogo, waliotumwa na Umoja wa Mataifa, walizungukwa penye kuingia mjini na askari wa Katanga pamoja na mamluki. Walipigana toka tarehe 13 hata tarehe 17 Septemba. Wenzao waliotoka Elisabethville kuwasaidia walizuiwa katika daraja hili la Lufira, wasiweze kuvuka. Mwishowe maji yalikwisha, risasi zilikwisha, na mkubwa wao Pat Quinlan akakubali kuweka silaha chini. Hakuna hata mmoja wa askari wake aliyekufa. Kwao Ulaya walionekana muda mrefu kama watu wa aibu, sababu walijitoa. Ilipita miaka mingi mpaka serikali yao ikawaheshimu, na mwaka 2016 watu wakatengeneza sinema juu yao. Vijana wetu wengi wameiona sinema hiyo katika simu zao, bila kujua kwamba vita yenyewe ilipiganwa mahali wanapopita kila siku kwenda kununua samaki. Jeshi la Umoja wa Mataifa liliingia Jadotville mwanzo wa Januari 1963, nako kujitenga kukaisha mwezi ule ule.

Jina la Jadotville lilitoka kwa Jean Jadot, mhandisi wa Ubelgiji, aliyezaliwa mwaka 1862 na kufa mwaka 1932. Yeye alisimamia kazi ya kujenga njia ya reli kutoka Peking mpaka Hankow, kule China, na baadaye akawa mmoja wa wakubwa walioanzisha Union Minière du Haut-Katanga mwaka 1906. Mwaka 1966 mji ulirudishiwa jina la Likasi, jina la mahali penyewe.

Sasa tuingie mjini. Pahali pa kwanza pa kupeleka watoto ni museo ya mawe. Iliitwa Museo Sengier-Cousin, kwa majina ya wakubwa wawili wa Union Minière, Edgar Sengier na Jules Cousin. Union Minière ilipochukuliwa na serikali mwaka 1967, mali yake yote ikawa ya kompani ya taifa, ile tunayoiita leo Gécamines. Kwa sababu hiyo afadhali kuuliza ruhusa kwanza, msije mkakuta mlango umefungwa na watoto wakalia.

Mtu asiyeingia anafikiri: mawe ni mawe tu, tunayakanyaga kila siku. Lakini mle ndani hata mimi nilinyamaza. Kuna malakiti ya kijani yenye miviringo kama ya gogo lililokatwa. Kuna mawe meusi yenye kobalti, yale ambayo sasa dunia nzima inayatafuta kwa kutengeneza betri za simu na za motokari. Kuna mengine ya buluu, yenye nyuzi nyembamba kama manyoya ya ndege. Wataalamu waliyapa mengi majina ya watu waliofanya kazi huku. Jiwe liitwalo cornetite ni ukumbusho wa Jules Cornet, mtaalamu wa mawe aliyefika Katanga pamoja na msafara wa Bia na Francqui kati ya miaka 1891 na 1893. Sharpite ni ya Robert Sharp, na sengierite ni ya Sengier. Watoto wangu walifurahi kupita kiasi waliposikia kwamba kuna jiwe lingine liitwalo likasite. Wataalamu waliliandika mara ya kwanza mwaka 1955, na jina lake ni la mji wetu, kwa kuwa lilipatikana katika mgodi wa Likasi. Mji wenye mavumbi tu, nao umeingia katika vitabu vya wataalamu wa dunia yote!

Lakini msiwaache watoto wakifikiri kwamba shaba ilivumbuliwa na Cornet au na Sharp. Wazungu walipofika walikuta mashimo ya kale. Wenyeji, na hasa Wasanga, walikuwa wamechimba shaba karne nyingi kabla yao. Walichimba wakati wa kiangazi, mvua inapokuwa haipo na mashimo hayajai maji. Walijenga tanuru ndogo kwa udongo wa vichuguu, wakapanga ndani makala na malakiti, wakapuliza kwa mifuo ya ngozi mpaka shaba ikayeyuka na kutiririka. Kisha waliimwaga katika kalibu, ikawa misalaba. Misalaba hiyo ilikuwa fedha ya siku zile: mtu alilipa mahari kwa misalaba, alinunua jembe au mbuzi kwa misalaba. Mwaka 1957 mtaalamu Jacques Nenquin alichimba makaburi ya zamani sana pale Sanga, kwenye ziwa Kisale, akakuta misalaba ya shaba imewekwa pamoja na wafu. Na Jean-Félix de Hemptinne, Mbenedikto aliyekuwa baadaye askofu wa Katanga, aliwaona wazee wakionyesha kazi ile ya tanuru. Akaandika habari yake mwaka 1926, akiwaita wafuaji hao «walaji wa shaba». Tangu 1960 mpaka mwanzo wa 1963, misalaba mitatu ya namna hiyo ilichorwa katika bendera ya Katanga. Mtoto akiuliza ule msalaba wenye mikono iliyolala anaouona umechorwa kwenye ukuta au kwenye kitambaa ni nini, mjibuni: ni fedha ya nkambo.

Nguvu ya Mwami Msiri kule Bunkeya ilitoka vilevile katika shaba, katika pembe, na katika watumwa pia, hatuwezi kulificha hilo. Yeye alikuwa Mnyamwezi, mtoto wa wafanya biashara waliotoka pande za Tabora, Tanzania ya leo. Watu wake ndio Wayeke. Shaba ya Katanga ilichukuliwa na misafara upande wa Angola na upande wa pwani ya Unguja. Msiri aliuawa Bunkeya tarehe 20 Desemba 1891, na mtu wa msafara wa Stairs uliotumwa na Leopold wa Pili. Bunkeya iko upande wa kaskazini, na warithi wake wanatawala huko hata leo. Wenye motokari ya nguvu wanaweza kwenda, wakaendelea kaskazini hata maporomoko ya Kiubo ya mto Lufira, ambayo ni mazuri mno. Lakini kwa watoto wadogo njia ni ndefu, wala msijaribu wakati wa mvua.

Turudi mjini. Kutoka museo unaweza kwenda kutazama Panda na Shituru. Siyo kuingia katika viwanda, maana hilo linakatazwa, na ni vizuri likatazwe. Kutazama kwa mbali kunatosha. Reli ilifika Elisabethville mwaka 1910, ikafika Kambove mwaka 1913, na Bukama mwaka 1918. Bila reli shaba ingebaki katika udongo. Baadaye kikajengwa kiwanda cha kusafisha mawe pale Panda, na mwaka 1929 kiwanda cha Shituru. Kazi ya Shituru ni ya ajabu kidogo, nami niliieleza kwa watoto hivi: mawe yanasagwa mpaka yawe unga, unga unatiwa katika asidi, shaba inayeyuka kama chumvi katika maji. Halafu umeme unapitishwa katika maji yale, nayo shaba inatoka majini na kujishika kwenye mabamba, kidogo kidogo, siku kwa siku, mpaka bamba linakuwa zito. Lakini kazi hiyo inakula umeme mwingi sana, na umeme huo ilipaswa kuutafuta katika mto. Tutafika huko.

Jambo ambalo sisi wenyewe tulilisahau ni watu. Nani alifanya kazi hiyo? Mwanzoni Union Minière iliandika watu wa mbali, Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Rwanda na Burundi. Walikuja peke yao kwa miezi michache, waliugua, wengi walifa, waliobaki walirudi kwao. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 kompani iliona kwamba kutafuta watu wapya kila mara ni gharama kubwa, ikageuza desturi: mfanyakazi apewe mkataba wa miaka mitatu, aje na bibi yake, apate nyumba, posho, na mahali pa kuzalia watoto. Shule za kambi zilikabidhiwa kwa mapadre na masista. Tusidanganyane, haikuwa huruma tu, ilikuwa hesabu vilevile. Lakini ndivyo jamaa zetu zilivyoanza. Na kwa sababu katika kambi moja Mluba wa Kasai alikaa karibu na Mbemba, na Mnyarwanda karibu na Msanga, wote wakajifunza kusema lugha moja. Kiswahili chetu cha Katanga kilikua katika kambi hizo. Watoto waliozaliwa mle walikinyonya pamoja na maziwa.

Tembeeni basi katika kambi ya zamani, nanyi mtaona jinsi nyumba zilivyopangwa kwa mistari iliyonyoka kama kamba. Wenye wazee waliokaa Panda wawaulize. Watasikia habari za posho ya unga na samaki, za kengele ya asubuhi, na pengine za Desemba 1941. Mwezi ule wa vita wafanyakazi waliacha kazi wakiomba mshahara uongezwe, na askari wakapiga risasi, hapa Jadotville na Elisabethville, watu wakafa.

Kuna pahali pengine ambapo sikukusudia kusimama. Ni stesheni ya reli. Mtoto wangu ndiye aliyetaka kuona gari la moshi, na siku ile halikuwapo. Tulikaa tu kwenye jukwaa, tukala mihogo. Ndipo mke wangu alipowaambia watoto mambo ambayo mimi sikuwahi kuwaambia. Katika mwaka 1992, maneno ya siasa yalipowasha moto, watu waliotoka Kasai, na watoto wao, na wajukuu wao waliozaliwa papa hapa, walifukuzwa katika nyumba zao. Walikimbilia stesheni. Maelfu ya jamaa walikaa hapo majuma na miezi, chini ya maturubai na chini ya mvua, wakingoja gari la kuwapeleka nchi ambayo wengi wao hawakuijua. Magonjwa yaliingia, watoto na wazee walikufa hapo hapo. Mwaka 1993 mambo yale yale yalitokea Kolwezi.

Mtoto aliuliza: «Walikuwa wamefanya nini?» Mama yake alijibu: «Walikuwa majirani.» Nami nilinyamaza, maana siku zile nilikuwa kijana, na mlango wa jirani yetu ulipovunjwa mimi nilikaa ndani. Wengine walirudi baadaye, wengine hawakurudi. Jirani yetu huyo sikumwona tena. Stesheni haina jiwe la ukumbusho. Mtu akiwa na watoto wenye akili ya kutosha, asiogope kuwapeleka huko, awaambie.

Miaka ile ile Gécamines nayo ilianguka. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa tani zaidi ya 450,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1994 haikufika 50,000. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa fedha kidogo, wakaachishwa kazi. Kwa hiyo ndani ya kambi mtaona nyumba nyingi zimegeuka maduka, na mashamba ya mahindi mahali palipokuwa bustani za maua. Mimi sioni haya. Mahindi ndiyo yaliyowasomesha watoto.

Pahali pamoja msiende kabisa, hata kijana akiwaomba: Shinkolobwe, kilometri ishirini hivi kutoka mjini. Habari zake, ndiyo, waelezeni, maana ni kubwa kuliko zote. Robert Sharp aliona mawe yake ya manjano mwaka 1915. Kwanza ilikuwa kwa ajili ya radiamu: mawe yalisafirishwa mpaka Olen, kule Ubelgiji, na radiamu yake ikatumika katika hospitali za Ulaya. Urani haikuwa na kazi kubwa siku zile. Halafu vita ya pili ya dunia ikaja. Mwaka 1940 Sengier alipeleka New York tani zipatazo 1,200 za mawe hayo, zikawekwa katika mapipa kwenye kisiwa cha Staten Island, na Septemba 1942 jeshi la Marekani likazinunua. Sehemu kubwa ya urani ya kazi ile ya siri ilitoka hapa kwetu, na bomu lililoanguka Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 lilikuwa na mawe ya Shinkolobwe ndani yake. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Baadaye vijana wengi waliingia humo kwa siri kutafuta kobalti, mpaka mwaka 2004 ulipobomoka na kufukia watu. Hata katika museo, mawe ya manjano yatazamwe kwa macho tu.

Sasa tuwape watoto furaha. Siku nyingine, mapema asubuhi, tulikwenda upande wa mashariki, kwenye ziwa Tshangalele. Wengi wanafikiri ziwa hili liliumbwa pamoja na milima. La, ni la watu. Mto Lufira ulianguka kwa nguvu pale Mwadingusha, kwenye maporomoko yaliyopewa jina la Cornet. Union Minière, kwa kutafuta ule umeme wa Shituru niliousema, ilizuia mto juu ya maporomoko, ikapitisha maji katika mabomba makubwa, na mashini zikaanza kazi mwaka 1930. Maji yaliyozuiwa yalienea katika bonde tambarare, yakafunika majani na malisho. Leo ni ziwa pana lenye mafunjo, mitumbwi, na ndege wasiohesabika. Mwangalie mtoto wa mjini anapoona kwa mara ya kwanza ndege wengi hivyo wakiruka pamoja! Watu wa Kapolowe wanavua samaki na kuwauza kando ya njia, wabichi na wakavu.

Lakini mama aulize samaki wanatoka upande gani. Mto Panda unapita kwenye viwanda kabla ya kuingia Lufira, nao umechukua maji yao tangu zamani. Wataalamu wa Lubumbashi walipima maji, majani na samaki wa bonde hili, na mwaka 2010 wakaandika kwamba walikuta humo shaba, kobalti na madini mengine. Wavuvi hawakukosa neno hapo. Mmoja aliniambia: «Bwana, ziwa hili walituletea wao, na uchafu wametuletea wao. Sisi tulileta nyavu tu.» Niliwanunulia watoto samaki wa upande wa mbali na Panda, angalau kwa maneno ya muuzaji.

Pale Mwadingusha penyewe, wakati maji ni mengi, unasikia mto kabla ya kuuona. Mashini za 1930 zilichakaa, zikasimama moja moja. Kisha zikaja mpya, na mwaka 2021 kituo kilianza tena kufanya kazi kwa nguvu zake zote, megawati 78, ambazo zinahesabiwa pia kwa ajili ya mgodi mkubwa wa Kamoa, kule karibu na Kolwezi. Watoto walisimama kwa mbali wakitazama mabomba yanavyoshuka mlimani. Mkubwa alihesabu nguzo za umeme zinazoondoka kwenda mjini, akafika thelathini, zikapotea nyuma ya kilima. Kisha akaniuliza kwa nini basi nyumbani tunakula chakula cha jioni kwa mshumaa. Nilimwambia apande motokari.

Njia ya kurudi ni ya udongo na mashimo, kwa hiyo ondokeni kabla ya saa tisa. Chukueni maji ya kunywa ya kutosha, na kitambaa cha kuwafunika watoto kwa sababu ya mavumbi. Wetu walilala kabla hatujafika daraja la Lufira, na mdogo alikuwa ameshika mkononi kipande cha jiwe la kijani alichookota kando ya njia. Sijui kama ni malakiti. Tutakwenda kuuliza museo.